Kicheko cha Mahakamani kwa Bei ya Mtumba: Hesabu ya Rafu Moja Eastlands

Vitabu kumi vya vichekesho vya mahakamani, vikinunuliwa vipya dukani, vinafika takriban shilingi 17,400. Vitabu hivyo hivyo, vikitafutwa kimoja kimoja kwenye turubai za wauza vitabu vya mtumba, vinaweza kupatikana kwa 1,100. Kima cha chini cha mshahara wa kibarua jijini Nairobi, kwa viwango vilivyoanza Novemba 2024, ni shilingi 16,113.75 kwa mwezi bila marupurupu ya nyumba. Kibarua huyo hawezi kununua vitabu kumi vipya hata akitoa mshahara wote bila kula. Vya mtumba atavilipia kwa kazi isiyotimia siku mbili.

Pengo hilo la mara 15 na zaidi lina sababu zake, na kila sababu ina tarakimu yake. Tukizipanga tutajua ni nani aliyelipia kicheko hiki kabla hakijafika Buruburu, ni nani asiyelipwa, na kwa nini mkazi wa Eastlands, upande wa mashariki wa Nairobi, anazicheka kesi za London kwa bei nafuu kuliko kesi za Makadara, ambako mahakama iko hapo hapo Jogoo Road.

Rafu yenyewe

Rafu ninayoihesabu ina vitabu kumi katika majalada sita.

Jalada la kwanza ni *Uncommon Law* cha A. P. Herbert, kilichotoka mwaka 1935. Ndani yake mna kesi 66 za kubuni zilizoandikwa kwa lugha kavu ya hukumu halisi. Maarufu kuliko zote ni ya Albert Haddock, mlipa kodi aliyeandika hundi ubavuni mwa ng'ombe na kumpeleka ng'ombe huyo kwa watoza ushuru.

Majalada matatu ni ya Henry Cecil: *Brothers in Law* (1955), *Friends at Court* (1956) na *Sober as a Judge* (1958). Yanamfuata kijana mmoja tangu siku zake za kwanza za uwakili, akitetemeka mbele ya jaji, hadi naye anapokalia kiti cha ujaji. Cecil aliyajua aliyoyaandika. Alikuwa jaji wa mahakama za kaunti nchini Uingereza kuanzia 1949 hadi 1967.

Majalada mawili ya mwisho ni ya John Mortimer, wakili aliyemuumba Horace Rumpole, mtetezi mzee wa wezi wadogo wadogo. *The First Rumpole Omnibus* la 1983 limeunganisha vitabu vitatu. La pili, la 1987, limeunganisha vingine vitatu. Ndani ya hilo la pili mna hadithi ya Rumpole akisafiri kwenda nchi ya kubuni ya Afrika iitwayo Neranga kumtetea mwanasiasa aliyeshtakiwa kwa mauaji. Silaha yake ni kanuni iliyotamkwa katika kesi ya Woolmington mwaka 1935, kwamba ni juu ya upande wa mashtaka kuthibitisha hatia. Msomaji wa Kenya anaikuta kanuni hiyo nyumbani, katika Kifungu cha 50(2)(a) cha Katiba ya 2010: mshtakiwa huhesabiwa hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Basi 1 na 3 na 6: vitabu kumi.

Bei mpya inavyojengwa

Chukua kitabu kinachouzwa karibu paundi 9 Uingereza. Kwa kiwango cha shilingi 170 kwa paundi moja, hiyo ni kama 1,500 hata kabla ya kuhesabu nauli ya meli au ndege. Ongeza ushuru wa VAT wa asilimia 16, ambao ni shilingi 240. Bei ya rafuni inakuwa 1,740. Mara kumi, 17,400.

Huo ushuru utazame kwa makini. Kabla ya Sheria ya VAT ya 2013, msomaji wa Kenya hakutozwa VAT kwenye kitabu. Tangu Septemba mwaka huo, hadithi inatozwa asilimia ile ile inayotozwa runinga. Katika vitabu vyetu kumi vipya, fungu la serikali ni shilingi 2,400. Fungu hilo peke yake lingenunua rafu nzima ya mtumba mara mbili, kisha libakishe shilingi 200.

Zinazobaki zinagawanywa kati ya duka, msambazaji, mchapishaji, kiwanda cha uchapaji na mwandishi. Duka kwa kawaida huchukua kama theluthi. Mwandishi hupata mrabaha unaozunguka sehemu ya kumi, na mara nyingi chini ya hapo kwa nakala zinazouzwa nje ya nchi yake. Kwa hiyo katika kila 1,740 anazotoa mnunuzi wa Nairobi, serikali inaweza kupata zaidi ya yule aliyekaa usiku akiandika.

Kwa nini turubai ni rahisi

Bei za mtumba nilizotumia ni za kawaida za barabarani: kitabu chembamba cha zamani mia moja, kitabu kinachotafutwa mia mbili, jalada nene la vitabu vitatu mia tatu. Vya Cecil vitatu ni 300, cha Herbert 200, majalada mawili ya Mortimer 600. Jumla 1,100.

Sababu ya kwanza ya urahisi huo ni kwamba gharama kubwa zilikwisha kulipwa zamani. Mtu wa Leeds au Bristol alilipia uandishi, uhariri, uchapaji na faida ya duka mwaka 1984, akasoma, akafariki au akahama nyumba, na kitabu kikaingia kwenye sanduku la msaada. Kuanzia hapo kitabu husafiri kwa bei ya uzito. Kontena la futi 20 likibeba tani 20 za vitabu vyenye wastani wa gramu 250 hutoshea vitabu 80,000. Tuseme kulisafirisha, kulitoa bandarini na kulifikisha Nairobi kumegharimu shilingi milioni moja. Kila kitabu kitakuwa kimebeba shilingi 12 na senti 50. Hata gharama hiyo ikiwa maradufu, kila kitabu kinabeba 25, na bado mia moja ina nafasi ya mwenye jumla, mchukuzi na muuzaji wa mwisho.

Sababu ya pili ni ushuru. Biashara yenye mauzo yasiyofika shilingi milioni 5 kwa mwaka hailazimiki kujisajili kwa VAT. Mwenye turubai anayeuza kwa mia moja angehitaji kuuza vitabu 50,000 kwa mwaka ili aufikie mpaka huo, yaani 137 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Muuzaji wa kando ya barabara hafiki huko. Mnunuzi wake naye hakutani na asilimia 16 kwenye mia anayotoa.

Sababu ya tatu ni kubadilishana. Wauzaji wengi hukupokea ukirudi na kitabu ulichomaliza: unakiacha, unaongeza hamsini, unaondoka na kingine. Msomaji asiyetaka kumiliki anaweza kuyapitia majalada yote sita kwa kulipa 100 ya kwanza na hamsini tano baadaye, jumla 350, ikiwa majalada manene nayo yamekubaliwa katika mabadilishano.

Gharama zisizoandikwa kwenye jalada

Hesabu ya haki haiishii kwenye bei ya muuzaji. Vitabu hivi havikai mahali pamoja. Leo utamkuta Rumpole katika soko la Gikomba chini ya vitabu vya uhasibu, mwezi ujao utamkuta Cecil kando ya Mtaa wa Tom Mboya. Tukadirie safari sita, kila moja shilingi 120 za matatu kwenda na kurudi: 720. Tutenge 200 nyingine za gundi, na za kitabu ambacho kurasa zake za mwisho zimenyofoka, hasara kubwa katika hadithi za kesi kwa kuwa hukumu husomwa mwishoni. Jumla mpya ni 2,020.

Bado ni chini ya sehemu ya nane ya bei mpya, na bado ni chini ya zile 2,400 za VAT. Kwa mizani ya jasho, Amri ya Mishahara hugawa mshahara wa mwezi kwa saa 225 inapotafutwa thamani ya saa moja kwa ajili ya malipo ya ziada. Kwa kima cha chini, saa moja ni shilingi 71 na senti 60. Rafu ya mtumba pamoja na nauli ni saa 28 za kazi. Rafu mpya ni saa 243, yaani mwezi mzima na siku mbili juu yake.

Sasa geuza saa za kazi kuwa saa za kicheko. Kitabu cha wastani katika orodha hii kina kama maneno 70,000. Anayesoma maneno 200 kwa dakika atakimaliza kwa saa sita hivi. Vitabu kumi ni saa 60. Gawanya 2,020 kwa 60: shilingi 34 kwa saa. Sensa ya 2019 iliipa kaya ya Nairobi wastani wa watu 2.9. Wakisoma watatu, kila mmoja anatumia shilingi 11 kwa saa. Rafu mpya, kwa msomaji mmoja, ni 290 kwa saa.

Ukubwa wa eneo, udogo wa akiba

Mpaka hapa tumehesabu nyumba moja. Eastlands ni bahari. Tukijumlisha kaunti ndogo za Makadara (watu 189,536), Kamukunji (268,276), Embakasi (988,808) na Njiru (626,482), sensa ya 2019 inatupa watu 2,073,102. Hiyo ni asilimia 47 ya Nairobi yote. Kwa wastani wa 2.9, ni takriban kaya 715,000, kuanzia Kaloleni na Maringo hadi Umoja, Dandora na Kayole.

Rudisha lile kontena la vitabu 80,000 hapa. Linatoa kitabu kimoja kwa kila kaya tisa. Na ndani yake hakuna aliyechagua vichekesho vya mahakamani. Mna vitabu vya mapishi, vya lishe, riwaya za mapenzi na vitabu vya kiada vilivyopitwa na mtaala. Kama kitabu kimoja katika kila elfu moja ndicho cha aina yetu, kontena zima lina 80. Kaya 715,000 zitagawanaje vitabu 80? Hapa ndipo urahisi wa mtumba unapogonga ukuta. Bei ni nafuu kwa anayebahatika kukiona kitabu, na hakuna shilingi mia inayoweza kuagiza cha pili.

Njia ya kuukwepa ukuta huo ni maktaba. Eastlands ina tawi la Huduma ya Maktaba za Kitaifa Buruburu, na ina maktaba mbili za kaunti, Kaloleni na Makadara, ambazo ni matawi ya Maktaba ya McMillan iliyo katikati ya jiji. McMillan ilifunguliwa 1931 kwa ajili ya Wazungu, na umma wote ukaruhusiwa kuingia baada ya Baraza la Jiji kuichukua mwaka 1962. Shirika la Book Bunk, lililoanzishwa 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, limefanya kazi ya kuifufua McMillan na matawi hayo mawili kwa makubaliano na kaunti.

Weka rafu yetu ya 2,020 katika maktaba moja. Majalada sita, kila moja likiazimwa kwa wiki mbili, ni maazimo 156 kwa mwaka. Kila azimo linagharimu shilingi 13. Vitabu vikidumu miaka mitano, linashuka chini ya shilingi 3. Hakuna turubai inayoweza kuuza kicheko kwa bei hiyo. Lakini maktaba tatu zikigawanywa kwa watu milioni 2 ni maktaba moja kwa kila watu 691,000, na hapo ndipo penye uchungu. Kinachopungua Eastlands ni milango.

Kesi zetu ziko wapi

Kuna gharama nyingine ambayo mnunuzi haioni kwenye bei. Kila kitabu katika rafu hii kinatufundisha kucheka kwa desturi za mahakama isiyo yetu: nywele za bandia, mabaraza ya mawakili wa London, majaji wenye usingizi wa baada ya chakula cha mchana. Navipenda vitabu hivi, na ninamtakia kila kijana wa Jericho amsome Rumpole. Lakini malighafi iliyo Makadara ni tajiri kuliko hiyo. Kifungu cha 50 kinaamuru kesi zisikizwe hadharani, na kinampa mshtakiwa mkalimani bila malipo kama hafahamu lugha ya mahakama. Katika ukumbi mmoja mnakuwa na hakimu anayeandika kwa Kiingereza, shahidi anayesema Kiswahili cha mtaani, mama anayejibu kwa Kikamba, na karani anayejitahidi kuwafikisha wote kwenye maana moja. Mwandishi wa vichekesho angeomba nini zaidi?

Kwamba watu wanakitaka kicheko hiki, ushahidi upo. *Vioja Mahakamani* ya KBC imewachekesha Wakenya kwa miongo mingi, kwa Kiswahili, kwa kizimba, hakimu na kiongozi wa mashtaka tu. Na kwa maandishi, Wahome Mutahi, mwandishi wa safu ya *Whispers*, aliyefungwa katika msako wa miaka ya 1980 dhidi ya kundi la siri la upinzani la Mwakenya, alitoa *Jail Bugs* mwaka 1992, riwaya inayoanzia pale mahakama inapoishia. Uwezo upo. Swali ni bei.

Tuihesabu. Tuseme kitabu cha kurasa 160 cha kesi za kubuni za Makadara, kwa Kiswahili. Uhariri, mpangilio na jalada tukadirie 250,000, gharama isiyobadilika hata zikichapwa nakala ngapi. Uchapaji wa nakala 1,000 tuuweke 220 kwa nakala. Wa nakala 5,000 ushuke hadi 130. Duka lichukue asilimia 30, mwandishi 10, mchapishaji abaki na 60 za kufidia gharama.

Kwa nakala 1,000, kila nakala inagharimu 470, bei kabla ya ushuru ni 783, na pamoja na VAT ni 909. Hapo kitabu kimeshindwa na turubai.

Kwa nakala 5,000, kila nakala inagharimu 180, bei kabla ya ushuru ni 300, na pamoja na VAT ni 348. Sasa kitabu kipya cha nyumbani kinasimama karibu na jalada nene la Mortimer la mia tatu, na VAT ikiondolewa vinalingana kabisa. Mwandishi anapata shilingi 30 kwa kila nakala, yaani 150,000 zikiuzwa zote. Kwa jalada la mtumba, Mortimer na warithi wake hawapati hata senti.

Makadirio yanaweza kupanda au kushuka, lakini umbo la hesabu halibadiliki: kutoka 909 hadi 348, kilichoshusha bei ni idadi. Na idadi yenyewe si ya kutisha. Nakala 5,000 kwa kaya 715,000 ni nakala moja kwa kila kaya 143.

Mlango ambao sheria imeufungua

Kwa mchapishaji anayeogopa kuanza na mwandishi asiyejulikana, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inampa pa kuanzia. Nchini Kenya, kazi ya fasihi hulindwa mpaka miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki mwandishi. Herbert alifariki 1971, hivyo ulinzi wake hapa ulikwisha 31 Desemba 2021. Cecil alifariki 1976. Ulinzi wake unafika mwisho 31 Desemba 2026. Mortimer, aliyefariki 2009, atalindwa hadi mwisho wa 2059.

Maana yake ni kwamba kesi 66 za Herbert zinaweza kutafsiriwa na kuchapwa Kenya bila kumlipa yeyote haki za uandishi, mradi zisiuzwe Uingereza, ambako ulinzi ni wa miaka 70. Zile asilimia 10 za mwandishi zingemwendea mtafsiri. Haddock na ng'ombe wake wanaweza kusimama kizimbani kwa Kiswahili, wakamzoesha msomaji aina hii ya kitabu, kisha mwandishi wa Kayole au Mbotela akaja na kesi zake mwenyewe mbele ya wasomaji walio tayari.

Hesabu zote hizi zinaelekea mahali pamoja. Soko la mtumba limeifanyia Eastlands kazi ambayo serikali, kwa kutoza VAT ya asilimia 16 na kuacha maktaba tatu zihudumie watu milioni mbili, haijaifanya: limewafikishia watu wa kipato kidogo vitabu vizuri kwa bei ya ujira wa saa moja na nusu. Linastahili shukrani. Lakini soko hilo huuza tu kile ambacho wengine wamemaliza kusoma, na kesi za Makadara hazitapatikana ndani yake mpaka kwanza zichapwe hapa, ziuzwe hapa, zisomwe hadi zichakae. VAT ikiondolewa vitabuni, shilingi 48 zinapungua. Maktaba zikinunua nakala mia chache, hofu ya mchapishaji inapungua. Kinachobaki baada ya hapo ni mchapishaji mmoja anayeamini kwamba katika kila kaya 143 za Eastlands iko moja iliyo tayari kutoa mia tatu kwa kicheko kilichozaliwa Jogoo Road. Kwa tarakimu hizi, mimi naamini ipo.